Nakala Safi ya Alhamisi Ile

Kosa langu nililifanya siku ya Jumamosi, nyumbani kwetu Mbagala, nikiwa nimetulia na nimenawa mikono. Nalitaja mwanzo kwa sababu nimejaribu kuandika habari hizi mara nyingi, na kila mara nilianza na milio ya bunduki, ili msomaji akifika kwenye kosa awe ameshanihurumia. Sitaki hivyo tena. Nilinakili upya daftari la simu, kisha nikachoma lile la awali.

Sikuwahi kushika silaha wala kuvuka mpaka. Vita nilivyopitia vilinifikia masikioni, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki Sinza. Kwa muda mrefu niliona haya kuviita vita vyangu. Bado sijui kama nina haki hiyo.

Jeshi la kimataifa la kulinda amani lilikuwa na kambi zake mashariki mwa Kongo. Kila kijiji kilichokuwa karibu na kambi kilipewa simu moja, na simu hiyo ikakabidhiwa kwa mtu mmoja aliyeaminika. Akiona hatari, apige. Lakini wanajeshi walitoka nchi za mbali na hawakujua Kiswahili, na umeme wa kule ulikuwa wa kubahatisha. Basi mtu fulani katika ofisi fulani akaamua simu hizo zipokelewe Dar es Salaam. Mpigaji anaeleza kwa Kiswahili, sisi tunasikiliza, tunaandika kwenye daftari, tunapigia kambi kwa Kiingereza au Kifaransa. Kazi ilipewa kampuni ndogo, na ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya ukumbi wa harusi, ubavuni mwa baa.

Niliingia pale nikiwa na miaka ishirini na tatu na cheti cha kidato cha nne. Kifaransa nilijifundisha kwa redio na kamusi iliyochanika kurasa za mwisho. Kiswahili cha Kongo nilikizoea tangu utotoni, kwa kuwa wazazi wangu wametoka Kigoma na nyumba yetu haikukosa wageni wa ng'ambo ya ziwa. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu ya kukamatwa. Kila siku nilingoja mtu aingie mlangoni aseme, huyu kijana hajasoma, mtoeni. Kwa hiyo niliandika herufi kama za kitabuni. Nikikosea neno moja kwenye fomu, niliomba fomu nyingine.

Msimamizi wetu alikuwa Bi Zuhura, mwenyeji wa Temeke, mama wa makamo aliyewahi kuwa karani wa bandarini. Alinicheka sana.

"Elia mwanangu, hizo herufi unazipiga pasi?"

"Zisomeke vizuri, Bi Zuhura."

"Zinasomeka. Mie naogopa siku utakayokosea, utajitupa dirishani."

Alhamisi ile ilianza kama Alhamisi nyingine. Nilimwamkia Bi Zuhura, nikafuta meza, nikapanga kalamu mbili za bluu. Simu za asubuhi zilikuwa za kawaida: mzee mmoja aliuliza kama kambi inaweza kumsaidia kupata ng'ombe wake aliyepotea, na kijana mwingine alipiga kujaribu tu kama namba inafanya kazi. Niliandika zote. Chini, kwenye ukumbi, mafundi walikuwa wanapima spika kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Bi Zuhura aliagiza chipsi mayai za watu wawili.

Simu ya kwanza ya Mama Ushindi iliingia mchana. Ni saa ngapi hasa, ndilo jambo lililoniharibia usingizi.

Niseme kwanza habari ya saa. Kule mashariki mwa Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Kanuni ilitaka tuandike saa zao, lakini saa ya ukutani ilikuwa ya Dar. Kwa hiyo kila simu ilikuwa na hesabu ndogo: angalia ukutani, punguza moja, andika. Siku ya utulivu haikuwa shida.

"Alo? Ni miye, Mama Ushindi wa pale sokoni." Nilimfahamu kwa sauti, alikuwa ameshapiga mara kadhaa. "Niko naona watu ng'ambo ya mto. Wanatoka mu shamba ya ndizi. Wana bunduki."

"Ni wanajeshi, mama?"

"Si basoda ba serikali. Hawa hawana viatu vya namna moja."

Niliandika. Nikapigia kambi, iliyokuwa umbali wa kilomita nne tu kutoka kijijini. Ofisa wa zamu alijibu kwa Kiingereza, kwa adabu. Alisema wamepokea. Niliandika hilo pia. Kisha nikaangalia ukutani, nikaandika saa, nikaikata, nikaandika nyingine juu yake, nikaikata na hiyo. Nilishapunguza au bado? Simu nyingine ikaingia kutoka kijiji tofauti, nikaipokea.

Simu ya pili iliingia saa saba na dakika kumi, kwa saa zao. Hiyo nina hakika nayo, kwa sababu Bi Zuhura alisimama nyuma yangu akanipunguzia mwenyewe.

Mama Ushindi alikuwa ananong'ona.

"Wamevuka. Wako sokoni. Unasikia?"

Nilisikia. Ilikuwa kama mtu anapigapiga mabati.

Nikapigia kambi. Ofisa yuleyule, kwa adabu ileile, alisema wanasubiri idhini. Nilimuuliza idhini ya nani. Alisema hana ruhusa ya kunieleza.

Simu ya tatu. Robo saa baadaye.

"Baba, nikimbie ao nibakie?"

Mbele yangu kulikuwa na karatasi ya maelekezo iliyobandikwa kwa gundi. Usimshauri mpigaji kukimbia wala kukaa. Mwambie ujumbe wake umepokelewa.

"Ujumbe wako umepokelewa, mama."

"Niko nakuuliza. Nikimbie ao nibakie?"

Bi Zuhura aliweka mkono begani kwangu. Chini spika zikasema moja, mbili, tatu.

"Naitwa Elia," nikasema. Kutaja jina kulikatazwa. Sijui kwa nini nilichagua kuvunja kanuni hiyo, nikaiacha ile nyingine.

Nilisikia kitu kikiwekwa chini, mlango, kisha hatua za mtu zikienda.

Simu haikukatwa.

Nilikaa na hedfoni masikioni. Milio ilikaribia. Watu walipiga kelele, halafu walikuwa wachache waliopiga kelele.

Niliandika kila kitu. Sikuangalia mistari.

Kisha wanaume wakaingia pale simu ilipokuwa. Wawili, labda watatu. Kiti kiliburutwa. Nilisikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa, na mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyerudi kwake kutoka kazini:

"Imeiva hii."

Wakala.

Halafu simu ikakatika.

Chipsi zetu zilikuwa mezani, zimepoa. Siku zote nimejiuliza kama zililetwa kabla ya simu ya kwanza au baada. Nimejaribu kukumbuka mvuke, nimejaribu kukumbuka njaa. Sipati kitu.

Wanajeshi walifika kijijini alasiri. Idadi ya waliokufa ilibadilika kila taarifa ilipotolewa, na mimi sitaandika idadi yoyote hapa.

Ijumaa nilifungua daftari. Ukurasa wa Alhamisi ulikuwa fujo. Saa zimekatwa na kuandikwa juu ya nyingine, maneno yamepanda pembeni, doa la chai, mstari mmoja umepita katikati ya mwingine kama umeandikwa na mlevi. Niliona aibu. Nakiri kwamba siku moja baada ya watu kuuawa, nilichokionea aibu kilikuwa mwandiko wangu.

Jumamosi nikabeba daftari nyumbani. Nilinunua jingine jipya, jalada gumu, nikanakili mwezi mzima, kwa sababu ningenakili ukurasa mmoja tu ungeonekana. Sikubadilisha jambo kwa nia ya kudanganya, hilo naweza kuapa. Simu tatu ziliandikwa tatu. Majibu ya kambi niliyaandika kama yalivyotolewa. Lakini nilipofika kwenye saa ya simu ya kwanza, nilikuta 6:40 imekatwa, juu yake 5:40 imekatwa, na pembeni 6:40 tena, yenye mkwaruzo ambao ungeweza kuwa wa kukata au wa kalamu kuteleza. Nilitafakari kidogo. Nikaandika saa sita na dakika arobaini. Na yale maneno ya pembeni, mfuniko wa sufuria, imeiva hii, niliyaacha. Niliona hayahusiki. Niliona yanachafua.

Halafu nikatimiza kanuni. Karatasi yoyote yenye jina la kijiji isitupwe, ichomwe, ili siri za watu zisivuje. Mama alikuwa anawasha jiko la mkaa uani. Nikamsaidia kuwasha. Alipikia maharage.

Jumatatu Bi Zuhura alilifungua lile jipya akageuza kurasa mbili tatu.

"Mwandiko huu ni wa kadi za harusi," akasema. "La zamani liko wapi?"

"Nimelichoma, kama kanuni inavyosema."

Aliniangalia. Kisha akalichukua, akajaza fomu ya wiki kutoka humo, akaituma.

Wiki chache baadaye jeshi lile lilitoa tamko. Lilisikitika sana, na likasema kambi haikupata onyo kwa wakati. Nilisoma sentensi hiyo kwenye simu yangu nikiwa nimesimama Mbagala Rangi Tatu, na kwa muda niliamini. Nilidhani labda mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Labda nilipiga namba isiyo yenyewe. Nilirudi kwenye daftari jipya, nikasoma mwandiko wangu mzuri, na hata huo ulionekana kama umeandikwa na mtu mwingine.

Mkataba ulikwisha, ofisi ya Sinza ikafungwa. Namba ilielekezwa kwenye simu ya Bi Zuhura mpaka muda wake uishe, na ndivyo Mama Ushindi alivyotupata. Alikuwa amevuka ziwa, amefika Dar, anaishi Ukonga kwa binamu yake, nyuma ya ukuta wa gereza. Aliuliza: yule Elia yupo?

Tulikwenda mimi na Bi Zuhura. Nilikuwa nimemjengea sura kichwani, mwanamke mkubwa mwenye mabega mapana. Alikuwa mdogo, mwembamba, amevaa fulana ya kampeni ya mtu fulani na kitenge. Nilimpa shikamoo. Alinishika mikono yote miwili akanitazama usoni kwa muda mrefu.

"Nilifikiri uko mzee," akasema. "Sauti yako iko ya mtu wa ofisi."

Bi Zuhura akacheka. "Ofisi gani, mama. Huyu bado anafuliwa na mama yake."

Mama Ushindi naye akacheka. Kisha akaanza kueleza, bila kulia, kama mtu aliyeshaeleza mara nyingi mahali ambapo hakuaminiwa.

Mume wake aliuawa. Aliposikia kwamba kambi imepigiwa na hawaji, alikimbia kwa miguu kwenda kuwaita. Mwili wake ulikutwa karibu zaidi na lango la kambi kuliko nyumba yake. Sasa ndugu wa mume walisoma lile tamko. Kama kambi haikupata onyo, basi mwenye simu ya kijiji hakupiga. Shemeji yake alimwambia mbele ya watu: ulipewa simu ya kutulinda, ukakaa unapika. Mtoto wake, Ushindi, alikuwa amebaki kwao, na walikataa kumpa.

"Iko mu kitabu?" akaniuliza. "Kwamba nilipiga?"

Nilimwonyesha picha ya ukurasa kwenye simu yangu. Simu tatu, moja chini ya nyingine. Alipitisha kidole juu ya jina lake. Nilijisikia vizuri sana wakati ule. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

"Hapa unaandika saa sita na arobaini," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hapana. Mara ya kwanza nilipiga ndiyo kwanza nabandika sombe. Nilikuwa nimetoka kuitwanga. Na ilikuwa imeiva wakati walivuka."

Sombe ndiyo kisamvu chetu, majani ya muhogo. Sikuelewa maana yake mpaka Bi Zuhura alipoacha kucheka.

"Simu ya pili ilikuwa saa saba na kumi," alisema. "Kisamvu kwa nusu saa? Kisamvu gani hicho, cha kopo?"

Kama simu ya kwanza ilipigwa saa tano na dakika arobaini, kambi ilikuwa na saa moja na nusu kabla ya watu wale kuvuka mto. Kilomita nne. Mimi, kwa kalamu ya bluu, niliwapunguzia wakabaki na nusu saa.

Nikamwambia habari ya mfuniko. Nikamwambia nilisikia mtu akisema imeiva. Lakini hapohapo nikaanza kujishuku: je, nilisikia kweli, au nimelichukua neno kutoka kinywani mwake sasa hivi? Sikuwa na karatasi ya kunijibu.

"Ulisikia," alisema Bi Zuhura polepole. "Siku ile ulinigeukia ukasema, 'Wanakula, Bi Zuhura.' Mie nikadhani umeshachanganyikiwa."

Mama Ushindi aliangalia chini.

"Walikula sombe yangu," akasema. Hilo hakuwa analijua.

Baada ya malalamiko ya watu wengi, liliundwa jopo la watu watatu kuchunguza yaliyotokea. Waliomba daftari, na nilihojiwa kwa video, nikiwa chumbani kwetu Mbagala, shati limepigwa pasi, jirani akipiga singeli mpaka kikombe kikatetemeka mezani. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mwenye upole. Mkalimani wake alizungumza Kiswahili kizuri kuliko changu.

"Ukurasa huu na kurasa zote za mwezi huu zimeandikwa kwa kalamu moja. Ziliandikwa siku moja?"

"Ndiyo. Nilinakili."

"La awali liko wapi?"

"Nililichoma."

"Nani alikuagiza?"

"Kanuni ya usiri." Nilimsomea. Niliihifadhi kanuni ile kwa moyo.

Aliandika kitu. Nikaeleza habari ya saa iliyokatwa mara mbili, ya sombe, ya mfuniko, ya mtu aliyesema imeiva.

"Maneno hayo yamo kwenye nakala?"

"Hapana. Niliyaacha."

"Kwa nini?"

Jibu la kweli lilikuwa: ili ukurasa upendeze. Nilisema sijui.

Kisha nikamuuliza mimi. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya swali hilo mbele ya kioo. Kambini kuna daftari la simu zinazoingia, ofisa wa zamu aliandika kila nilipopiga. Jopo limeliona?

Alisema daftari hilo ni waraka wa ndani, jopo liliomba, halikupewa ruhusa. Rekodi za sauti kwenye mtambo zilifutwa baada ya siku chache, kwa utaratibu. Kampuni ya simu ya kule ilitaka barua ya mkuu wa eneo, na eneo lenyewe sasa lilikuwa mikononi mwa waasi.

"Kwa hiyo limebaki hili langu," nikasema.

"Limebaki lako," akasema. Nadhani alinihurumia, na nadhani ilimkera kunihurumia. Nilimwomba amwite Bi Zuhura. Alisema atazingatia. Bi Zuhura hakuitwa.

Ripoti ilipotoka niliisoma mara nyingi nikitafuta mahali nilipoielewa vibaya. Ilikuwa na aya mbili zilizotuhusu. Ya kwanza ilisema daftari lililowasilishwa si la awali, kwa hiyo haiwezekani kuthibitisha kwamba simu zilipigwa. Ya pili ilisema kwamba hata kama zilipigwa, kwa mujibu wa daftari hilohilo muda ulikuwa nusu saa, ambao haukutosha kwa barabara yenye tope. Mwandiko wangu haukuaminika aya ya kwanza, ukaaminika aya ya pili. Hakuna aliyetajwa. Hakuna aliyeulizwa ile idhini ilikuwa ya nani, wala ilitolewa saa ngapi. Ilipendekezwa mafunzo zaidi kwa wapokea simu.

Nilitaka kuwakasirikia, na niliwakasirikia. Lakini kila hasira ilipofika mwisho wake ilinikuta nimekaa pale, na kiberiti mkononi. Wao wanalo daftari na wanalificha. Mimi nilikuwa nalo nikalichoma. Nimejaribu kupima ipi mbaya zaidi na sijafika mahali.

Nilikwenda Ukonga na Bi Zuhura kumsomea Mama Ushindi. Nilitafsiri kila neno, sikupunguza. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na hakuacha kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Basi hawasemi nilipiga."

"Hawasemi."

"Na hawasemi sikupiga."

"Hapana, mama."

Aliweka ungo chini. Akaingia ndani, akarudi na daftari la shule la mtoto wa binamu yake na kalamu nyeusi yenye kifuniko kilichotafunwa.

"Niandikie wewe," akasema. "Si kwa hao wakubwa. Kwa shemeji yangu. Andika mambo ulisikia."

Nikaanza. Mimi Elia, niliyekuwa mpokeaji wa simu Sinza, Dar es Salaam. Niliandika simu ya kwanza, ya pili. Nilipofika kwenye swali lake, nikimbie ao nibakie, niliandika jina langu mahali pa jina lake. Nilikata. Nikakosea tena. Ukurasa ulikuwa umeshaharibika, na mkono wangu, wenyewe, ukaenda kwenye kona ya karatasi kuuchana.

Mama Ushindi aliweka kiganja chake juu ya ukurasa. Kilikuwa na vumbi la mchele.

"Acha hivyo," akasema.

"Ni chafu, mama. Naandika tena, dakika tano."

"Ikiwa safi watasema nilikupa maneno. Acha hivyo. Waone ulikuwa unaogopa."

Nikaendelea. Niliandika kwamba sijui kwa hakika kama simu ya kwanza ilikuwa saa tano na arobaini au saa sita na arobaini, na kwamba sijui kwa sababu yangu mwenyewe. Niliandika kwamba sombe ilikuwa imeiva, kwamba nilisikia mtu akilisema hilo, na kwamba wao walioko kule wanajua sombe inachukua muda gani. Niliandika kwamba aliniuliza akimbie au abaki, na kwamba sikumjibu. Bi Zuhura alitia sahihi chini, kwa mwandiko mbaya sana. Tuliipiga picha ikatumwa, na karatasi yenyewe ilipelekwa na mchungaji aliyekuwa anarudi ng'ambo.

Ilipita miezi. Shemeji alijibu kwa ujumbe wa simu wenye neno moja: tumesoma. Hakuomba radhi. Baadaye kidogo walianza kumruhusu Ushindi azungumze na mama yake siku za Jumapili. Kama ni kwa sababu ya barua, au kwa sababu mtoto alilia, hatujui. Mume wa Mama Ushindi yuko pale alipozikwa, kando ya barabara ya kambi, na hakuna karatasi ya mtu yeyote mkubwa inayosema alikuwa anakwenda wapi.

Sasa nafanya kazi ya karani kwenye zahanati moja huku kwetu, napokea wagonjwa na kuandika majina. Kilichobadilika ni hiki. Sinakili upya. Nikikosea nakata kwa mstari mmoja, naacha cha chini kisomeke, naandika saa pembeni na jina langu. Daftari langu ni chafu na wenzangu wananitania. Daftari la kambi, nijuavyo mimi, bado liko kambini, na hakuna aliyeonyeshwa.